Mkono wa Baba

Wengi wanaoukumbuka mwisho wa filamu ya Kihindi ya Dilwale Dulhania Le Jayenge humkumbuka Kajol akikimbia kando ya garimoshi, nguo yake ikipepea, na Shah Rukh Khan akiwa amesimama mlangoni mwa behewa, uso una damu, mkono ameunyoosha nje. Macho yangu mimi huenda kwenye mkono mwingine. Ni mkono wa Amrish Puri, aliyecheza kama Baldev Singh, baba wa msichana, nao umemkamata bintiye kwenye kifundo. Garimoshi limeshaanza kujongea. Binti analia, anavuta, anasihi. Baba hajibu, anamtazama tu yule kijana anayeondoka. Halafu vidole vinalegea. Mambo mengine yote ya filamu hiyo ya zaidi ya saa tatu, kuanzia matembezi ya Uswisi hadi mashamba ya haradali ya Punjab, yamepangwa ili vidole vile vilegee.

Ukiniuliza filamu za mapenzi za Kihindi zinahusu nini, nitakujibu kwamba zinahusu mkono huo: nani anaushika, anaushika kwa muda gani, na nini kinamfanya auachie. Nimezitazama tangu utotoni na huzipima zote kwa kipimo hicho, za zamani na za sasa. Filamu inayovilegeza vile vidole kwa bei rahisi naiona dhaifu hata kama nyimbo zake ni tamu, na ile inayoujua uzito wake huisamehe makosa mengi, pamoja na yale ambayo rafiki zangu wasiozipenda filamu hizi hunitajia kila tukikutana.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya bibi yangu, mama wa mama. Bibi hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini aliweza kukusimulia filamu aliyoiona ujanani kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno ambayo kila mtu alimwambia mwenzake. Enzi zake hakukuwa na mtu wa kukutafsiria ukumbini. Maneno machache aliyadaka kwa sababu yalikuwa yake pia: dunia, habari, wakati, hukumu, safari, kiama. Kiurdu kinachozungumzwa katika filamu hizo na Kiswahili chetu viliyachota kwenye kisima kimoja cha Kiarabu. Yaliyobaki aliyajua kutokana na maisha aliyoishi. Kwetu mwanamke haozwi bila walii, na posa huletwa kwa wazee kabla haijamfikia mhusika. Mtu aliyekulia humo hahitaji tafsiri anapomwona mzee mwenye masharubu amesimama ngazini, binti amesimama chini, na hakuna anayesema kitu. Hata nyimbo zilivuka bahari bila pasi. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa taarabu iliyofuata mahadhi ya filamu za Kihindi, na zipo nyimbo nilizozijua kwanza kwa sauti yake, hivi kwamba nilipokuja kuzisikia kwa Kihindi nilidhani Wahindi wamemwiga.

Najua kwamba tunapomwambia mtu "usiniletee picha la Kihindi", tunamaanisha asitupotezee muda kwa kisa kirefu chenye machozi ambacho mwisho wake unajulikana. Nimeutumia msemo huo mwenyewe, tena dhidi ya fundi cherehani.

Bibi aliipenda Awaara, ya mwaka 1951, kuliko filamu yoyote aliyowahi kuiona, na aliyempendeza humo hakuwa Raj Kapoor na suruali yake iliyokunjwa miguuni. Alikuwa yule jaji. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu jambazi alimteka kwa siku chache, akamrudisha, na watu wakaanza kunong'ona. Wahindi walikisikia humo kisa chao cha kale cha Rama aliyemfukuza mkewe Sita. Bibi alisikia kisa cha jirani wa barabara ya pili. Jaji huyu anaamini kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi na mtoto wa mstaarabu huwa mstaarabu, na filamu inamwadhibu kwa kumletea mtoto wa damu yake mwenyewe, Raj, anayechezwa na Raj Kapoor, aliyegeuka mwizi katika mitaa ya Bombay. Rita, anayechezwa na Nargis, amelelewa chini ya uangalizi wa jaji huyohuyo, amesomea sheria, na siku ya kesi ndiye anayesimama kumtetea Raj, mpenzi wake, na kumhoji mlezi wake mbele ya watu.

Jambo ambalo bibi hakulijua, nami nililijua nikiwa mtu mzima, ni kwamba Prithviraj Kapoor aliyecheza kama jaji alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor. Kwamba mtoto anayemwigiza Raj utotoni ni mdogo wake, Shashi. Na kwamba mzee anayeonekana kwa muda mfupi akiwa jaji mwingine ni babu yao, Basheshwarnath. Raj Kapoor ndiye pia aliyeiongoza filamu. Fikiria kijana ambaye hajafika miaka 30 anamwelekeza baba yake namna ya kumkana. Sijui filamu nyingine ya mapenzi ambayo ugomvi wa baba na mwana umepigwa picha kwa ukaribu huo, na ndiyo maana nasema kwamba Rita na Raj, pamoja na uzuri wao wote chini ya mbalamwezi, ni kisingizio cha kuwafikisha wanaume wawili wa nyumba moja mahakamani.

Miaka tisa baadaye, Prithviraj akarudi kuwa baba mara nyingine, safari hii akiwa mfalme Akbar katika Mughal-e-Azam. Mwongozaji K. Asif alihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 10 kabla haijatoka 1960. Mwana wa mfalme, Salim, anampenda mjakazi wa ikulu, Anarkali, na baba mtu hataki. Kisa ni chepesi hivyo, lakini itazame ile sehemu ya jumba la vioo. Filamu imekuwa nyeusi na nyeupe kwa muda mrefu, kisha rangi zinaingia ghafla, na Madhubala, ndiye Anarkali, anacheza mbele ya mfalme akiimba kwa sauti ya Lata Mangeshkar kwamba aliyependa hana cha kuogopa, kwa kuwa hakuiba kitu cha mtu. Akbar anakasirika, anainua macho ili asimwone, na dari nzima ina vioo vidogo vidogo, kila kimoja kina Anarkali mmoja anayezunguka. Mfalme mwenye himaya yote hana pa kuelekeza macho yake. Nimeona filamu nyingi za mapinduzi ambazo hazijafikia kumdhalilisha mtawala namna ile.

Na kuna ile sehemu ya unyoya. Salim anaupitisha unyoya mweupe usoni mwa Anarkali, taratibu, huku ustadh Bade Ghulam Ali Khan akiimba kwa mbali, na hakuna busu wala kukumbatiana. Inasemwa kwamba wakati ule Madhubala na Dilip Kumar aliyecheza kama Salim, waliokuwa wamependana kweli kwa miaka kadhaa, walikuwa hawasemeshani tena. Baba wa Madhubala, Ataullah Khan, alikuwa ameusimamia uchumba ule kwa mkono mzito. Alipomkataza binti kwenda mbali na Bombay kwa ajili ya filamu nyingine, Naya Daur, mambo yalifika mahakamani, na Dilip Kumar akatoa ushahidi upande wa mwongozaji. Kwa hiyo tunaposhuhudia unyoya ule tunashuhudia watu wawili waliokwisha kutenganishwa wakifanya kazi waliyolipwa kuifanya. Madhubala alifariki 1969, akiwa na miaka 36, kwa maradhi ya moyo.

Mwisho wa filamu hiyo hunifanya nimwone Akbar kuwa baba mwenye akili kuliko wote katika sinema ya Kihindi. Anarkali anahukumiwa kuzikwa hai ndani ya ukuta, lakini mfalme, kwa sababu ya ahadi ya zamani aliyompa mama wa Anarkali, anamtoa kwa siri kupitia njia ya chini ya ardhi kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe. Ameuachia mkono bila mtu kuona kwamba ameuachia. Heshima ya dola imebaki, msichana yu hai, mwana amevunjika moyo, na baba ndiye peke yake anayejua hesabu yote. Ukatili na huruma viko katika kitendo kimoja, na sitaki mtu aniambie ni kipi kilichozidi.

Kuna filamu moja ninayoiweka pembeni ya kipimo changu, nayo ni Pakeezah ya Kamal Amrohi. Sahibjaan, mwanamke wa kuimba na kucheza katika nyumba ya starehe, amelala ndani ya behewa usiku, na anapoamka anakuta karatasi imebanwa kwenye vidole vya mguu wake: mtu asiyemjua amemwandikia kwamba miguu yake ni mizuri, asiikanyagishe ardhini isije ikachafuka. Hajui kwamba miguu ile kazi yake ni kukanyaga sakafu kwa malipo. Tangu hapo kila garimoshi likipiga honi usiku, yeye husimama. Hakuna baba, hakuna mkono. Kuna karatasi na honi tu. Lakini hata humo, dakika za mwisho, baba anatokea: bwana mkubwa anayeigizwa na Ashok Kumar anagundua kwamba mchezaji aliyeletwa kutumbuiza kwenye harusi, anayecheza juu ya vioo vilivyopasuka hadi nyayo zikavuja damu, ni binti yake mwenyewe. Filamu ilianza kutengenezwa miaka ya hamsini, Amrohi na Meena Kumari, aliyecheza kama Sahibjaan, wakiwa mtu na mkewe, wakaachana katikati, ikamalizika Meena akiwa mgonjwa, hata katika baadhi ya sehemu za kucheza ikabidi kumtumia Padma Khanna badala yake. Ilitoka Februari 1972. Meena Kumari alifariki tarehe 31 Machi mwaka huohuo. Siwezi kuihukumu filamu ya namna hiyo, naitazama tu.

Sasa nije kwenye Bobby, maana hiyo ndiyo filamu ya mama yangu kama vile Awaara ilivyokuwa ya bibi. Raj Kapoor aliitengeneza mwaka 1973 akiwa na madeni yaliyotokana na Mera Naam Joker, filamu yake ndefu ya 1970 ambayo watu hawakuiendea. Akamchukua mwanawe Rishi kuwa stelingi, na msichana wa miaka 16, Dimple Kapadia, kuwa Bobby Braganza, Mkristo wa asili ya Goa, binti wa mvuvi. Baba wa kijana, anayechezwa na Pran, ni tajiri anayejua bei ya kila kitu. Baba wa msichana, anayechezwa na Prem Nath, ni mvuvi mnywaji mwenye kiburi chake. Watoto wanakimbia nyumbani kwa pikipiki. Adui anajitokeza, kama ilivyo ada. Mwishowe wanajirusha mtoni, kwenye maporomoko, nao wale baba wawili wanaruka kuwafuata, na kila mmoja anaibuka na mtoto wa mwenziwe mikononi.

Mama aliitazama mara tatu akiwa msichana, na mwisho huo hakuuona hata mara moja. Maonyesho waliyoruhusiwa wasichana yalianza saa tisa alasiri, filamu ni ya karibu saa tatu, na ilikuwa lazima awe ndani kabla babu hajarudi kutoka msikitini kuswali magharibi. Kwa hiyo ilipokaribia saa kumi na mbili, watoto wakiwa bado wanakimbizwa, yeye na wenzake waliinuka wakajifunga buibui na kutoka. Niliwahi kumuuliza kwa nini asingewauliza waliobaki. Akaniambia kwamba wote aliowajua walitoka pamoja naye. Wenzake nao walikuwa na baba zao. Mwisho waliokuwa nao ni ule walioutunga wenyewe njiani kurudi nyumbani: watoto walijirusha, maji yakawachukua. Mama aliishi na mwisho huo kwa zaidi ya miaka 30 na hakuona kasoro yoyote ndani yake.

Mimi ni mtoto wa deki na kaseti za kukodi. Qayamat Se Qayamat Tak, ya 1988, niliitazama sebuleni kwa jirani, tumekaa chini kwenye mkeka watu kama ishirini, na ni mama aliyetueleza kwamba jina lake ni kutoka kiama hadi kiama. Wimbo wake uliovuma kuliko yote unaanza kwa kijana kueleza baba anasema nini juu ya mustakabali wake, nasi tuliuimba shuleni kwa Kihindi cha kubuni. Nasir Hussain aliiandika na kuitayarisha, mwanawe Mansoor Khan akaiongoza, na mpwa wa familia, Aamir Khan, akawa stelingi. Wakwe wenye kisasi wanafika wamechelewa, wapenzi wote wawili wameshakufa, na hakuna mkono wa kuachia. Mwaka uliofuata, Maine Pyar Kiya ikaja na baba wa aina nyingine: fundi aliyedharauliwa na rafiki yake tajiri, anayemwambia mtoto wa tajiri huyo kwamba akimtaka binti yake, akatafute rupia 2,000 kwa mwezi mmoja kwa jasho lake. Salman Khan anavunja mawe. Watu humkumbuka njiwa aliyebeba barua. Mimi huzikumbuka zile rupia, kwa sababu ni nadra filamu kutaja kiasi.

Kaseti ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ilitufikia nikiwa na miaka kumi na minane, na kwa muda mrefu sikuruhusu mtu aiseme vibaya. Aditya Chopra aliiongoza akiwa na miaka 24, ikiwa filamu yake ya kwanza, chini ya kampuni ya baba yake, Yash Chopra. Ilitoka Oktoba 1995, na ukumbi wa Maratha Mandir mjini Mumbai uliendelea kuionyesha hadi ikapita wiki 1,000 mwishoni mwa 2014. Naielewa sababu. India ilikuwa imefungua milango ya uchumi wake mwaka 1991, jamaa wengi walikuwa wamehamia ng'ambo, na filamu ikawaambia wazee waliokuwa na hofu kwamba mtoto anaweza kuvaa koti la ngozi London na bado asifanye jambo bila ruhusa yao. Kabla yake mpenzi wa kweli alikimbia na mpenzi wake. Raj wa filamu hii, yaani Shah Rukh Khan, anagoma kukimbia.

Hapo ndipo ugomvi wangu nayo ulipo, na umekua kadiri nilivyokua. Kuna usiku mmoja mama wa Simran, yule msichana wa stesheni, anayezungumza na binti yake; mama huyo anaigizwa na Farida Jalal. Anamwambia kwamba alipokuwa mtoto alifundishwa kuwa mwanamume na mwanamke ni sawa, kisha akakatishwa masomo ili ndugu zake wa kiume wasome. Kwamba alipomzaa Simran aliapa kuwa hatamfanyia vivyo, na sasa anaona alikosea, kwa kuwa mwanamke hana hata haki ya kuapa. Ni maneno ya kweli kuliko yote yaliyomo humo. Baadaye mama huyohuyo anakuja na dhahabu zake mkononi, anawapa wapenzi, anawaambia waondoke. Raj anazikataa. Atamchukua binti kwa ridhaa ya baba, vinginevyo hamtaki. Ukumbi mzima hupiga makofi hapo, nami nilipiga. Lakini tazama kilichofanyika: mama ameachia mkono, kwa gharama ya kila alicho nacho, na filamu imeamua kwamba mkono wa mama hauhesabiki. Kuanzia hapo Simran anakaa kama mzigo bandarini huku wanaume wawili wakisubiriana nani atasaini. Nalia kila ninapoiona ile stesheni, na nikimaliza kulia nachukia.

Zilizofuata ziliurithi udhaifu huo bila kuurithi ustadi. Kuch Kuch Hota Hai ya 1998 inamweka Salman Khan kuwa bwana harusi ili ampishe mwenzake saa ya ndoa, kwa upole ambao sijauona kwa bwana harusi yeyote wa kweli. Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001 haikujificha hata kidogo, maana ilitangazwa kuwa filamu inayohusu kuwapenda wazazi. Veer-Zaara ya 2004 naitenga kwa sababu ya nyimbo zake, ambazo ni tuni zilizoachwa na Madan Mohan, aliyefariki 1975, zikapigwa upya; unasikia mapenzi ya wakati mwingine yakipita katikati ya watu wa sasa.

Kisha nikaiona Sairat. Ni ya Kimarathi, ya mwaka 2016, ya Nagraj Manjule, na niliitazama kwa maandishi ya chini ya skrini, jambo ambalo bibi asingelivumilia. Archi ni binti wa mwanasiasa mwenye mashamba, wa tabaka la juu. Anaendesha pikipiki na trekta, na darasani anamtazama mvulana hadi mvulana anainamisha uso. Parshya ni mtoto wa mvuvi, wa tabaka la chini. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa tajiri: ni Bobby ileile, miaka 43 baadaye, na nusu ya kwanza Manjule anakuachia uamini hivyo. Kuna maji, kuna nyimbo zenye vinanda vingi, kuna watu wanakimbia polepole mashambani. Nusu ya pili wapenzi wako Hyderabad, kwenye kibanda, Archi hajui kupika wala kuzoea harufu ya mtaa, wanagombana, anapigwa, anaondoka, anarudi. Wanapata kazi. Wanapata mtoto. Archi anampigia mama yake simu.

Siku moja kaka yake anakuja na jamaa, wamebeba zawadi kutoka kwa mama. Archi anawapikia chai. Anawapa vikombe mkononi, na mikono yake inatetemeka kwa sababu bado hajui wamesamehe au la. Mtoto amepelekwa matembezi na jirani. Anaporudi, mlango uko wazi, anaingia kwa miguu yake midogo, anawakuta wazazi wake sakafuni, anageuka akilia na kutoka nje, na kila hatua anayopiga inaacha alama nyekundu. Wakati wote huo hakuna muziki, hakuna sauti yoyote. Filamu iliyokuwa na nyimbo kubwa namna ile imenyamaza. Mkono wa baba haukulegea, ulirefushwa tu hadi mji mwingine. Sijaitazama mara ya pili. Ilipotengenezwa upya kwa Kihindi mwaka 2018 kwa jina la Dhadak, nilifika nusu nikazima, kwa kuwa suala la tabaka lilikuwa limepunguzwa makali hadi kisa kikabaki cha tajiri na maskini tu.

Wanaozipenda za siku hizi huniambia kwamba baba ameondoka katika filamu za mapenzi na sasa watu wanapambana na nafsi zao. Ni kweli kwa kiasi, na ikifanywa vizuri siwezi kulalamika. The Lunchbox ya Ritesh Batra, ya 2013, imejengwa juu ya kosa moja la wale wabeba chakula wa Mumbai, ambao sifa yao ni kutokosea: chakula ambacho Ila amempikia mumewe kinamfikia Saajan Fernandes, karani mjane anayekaribia kustaafu. Wanaandikiana vikaratasi ndani ya vyombo. Siku wanayopanga kuonana, Irrfan Khan anafika mgahawani, anamwona Ila amekaa akinywa maji na kutazama mlango, na haendi. Asubuhi ile alikuwa amenusa bafuni harufu ya babu yake, kisha akagundua kwamba ni harufu yake mwenyewe. Hapo mkono unaomshika ni wa umri wake. Na 96, ya Kitamil, ya 2018, ina watu wawili waliopendana shuleni wanaokutana usiku mmoja baada ya miaka mingi, mmoja akiwa ameolewa. Umeme unakatika, na gizani mwanamke anaanza kuimba wimbo ambao yule mwanamume aliuomba tangu wakiwa darasani na hakuwahi kuimbiwa. Anayetafuta taa gizani, akijikwaa kwenye vitu vyake mwenyewe, ni Vijay Sethupathi, na sijaona kukumbatiana kokote kunakofikia kule kujikwaa.

Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya 2023 ilinichekesha na kunipa nililotaka muda mrefu: mkono umehamia kwa bibi mkali, Jaya Bachchan, na baba wa msichana ni mcheza ngoma ya kathak anayedhihakiwa kwa kucheza. Saiyaara ya 2025, iliyowaliza vijana wengi, imeweka ugonjwa wa kusahau mahali pa baba. Imewaliza kihalali, lakini mimi nilibaki macho makavu. Ugonjwa haubembelezwi, hauombwi, haupelekewi posa, na pale ambapo hakuna wa kumbembeleza, wapenzi hubaki wakitazamana tu.

Yapata miaka kumi na tano iliyopita nilimnunulia mama DVD ya Bobby. Alikuwa ameshavuka hamsini, babu ameshafariki miaka mingi. Tukakaa wawili, alasiri, na aliijua kila nyimbo na kila gauni. Ilipofika pale alipokuwa akiinuka zamani, nilimwona ameshika ukingo wa khanga yake kama mtu anayejiandaa kutoka. Akabaki. Watoto wakajirusha. Wale baba wawili wakaruka. Pran akaibuka na Bobby, Prem Nath akaibuka na Raj, wakatazamana majini, mambo yakaisha.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Waongo hawa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, hebu rudisha pale kwenye pikipiki."

Nikarudisha hadi pale watoto walipokuwa bado barabarani, wamepanda pikipiki yao, hakuna aliyewafikia.

"Basi," akasema, "zima hapo."

Nikazima. Msikitini walikuwa bado hawajaadhini.